Kusimba diski za ofisi pamoja na nakala zake

Mimi hutunza kompyuta za ofisi ya uhasibu jijini Nairobi. Zimejaa vitambulisho vya wateja, PIN za KRA (namba za kodi) na taarifa za benki. Pasiwadi ya Windows peke yake haizilindi: mwizi akichomoa diski na kuichomeka kwenye mashine nyingine, anasoma kila kitu.

Nilitumia BitLocker, programu ya kusimba diski (kugeuza data isisomeke bila ufunguo) ambayo huja na Windows Pro. Nilipoulizwa nisimbe kiasi gani, nilichagua diski nzima. Faili lililofutwa hubaki kwenye diski hadi jingine liandikwe juu yake, kwa hiyo kwenye mashine iliyokwisha kutumika, kusimba nafasi yenye data pekee huacha masalia wazi. Diski ya kuzunguka ya TB 1 huchukua saa nyingi. Stima ikipotea, kazi huendelea ilipokomea mashine ikiwashwa tena. Kwenye dirisha la amri, kama msimamizi, andika manage-bde -status. Usitosheke na asilimia 100. Hakikisha pia ulinzi umewashwa, kwani diski inaweza kuwa imesimbwa yote huku ulinzi umesimamishwa.

Ufunguo wa kurejesha una tarakimu 48, na hapo ndipo watu wengi hupoteza data yao wenyewe. Fundi akibadilisha bodi kuu, chipu ya TPM, inayotunza ufunguo wa diski, inaondoka nayo na mashine itadai tarakimu hizo. Kusasisha BIOS (programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows) pia huweza kuleta dai hilo, hivyo mimi husimamisha BitLocker kwanza. Funguo nilizichapisha, kila moja na kitambulishi chake, zikafungiwa kwenye sefu. Usiziweke kwenye mfuko wa laptopu, tafadhali.

Jambo jingine: TPM peke yake hufungua diski mashine inapowaka. Niliongeza PIN ya kuwashia kupitia sera za Windows, nikazima hali ya kulala na kubakiza hibernesheni (mashine huhifadhi kazi kwenye diski kisha huzimika kabisa), kwa sababu laptopu iliyolala bado ina ufunguo kwenye kumbukumbu yake.

Kisha nakala. Hakuna maana kusimba laptopu halafu diski ya nje yenye data ileile ikae wazi kwenye droo. Hiyo nayo niliisimba kwa BitLocker, na nakala ya mbali naituma kwa restic, programu ya kuhifadhi nakala ambayo husimba data kabla haijatoka kwenye mashine. Pasiwadi ya restic ikipotea, nakala imepotea. Hakuna wa kukufungulia. Kwa hiyo nayo iko sefuni.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mdhibiti wa data (anayeamua itumiweje, kama ofisi yetu) saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data tangu ajue kwamba data imevuja na kuwaweka wenye taarifa hizo hatarini, na inautaja usimbaji kati ya hatua zinazoweza kumwondolea wajibu wa kuwajulisha watu hao. Ndiyo maana natunza matokeo ya manage-bde ya kila mashine, yenye tarehe. Kila mwezi narejesha folda ya mteja mmoja kwenye mashine tofauti, nikitumia pasiwadi iliyo kwenye karatasi ya sefu, si ile niliyoikariri.