Jinsi nilivyopata mwenye kiwanja chetu

Nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, haikuonekana popote katika daftari la ardhi kwa jina la babu. Nikaachana na majina (akina Ali bin Salim pwani hawana idadi), nikashika namba ya kiwanja, iliyokuwa kwenye risiti kuukuu ya kodi. Nikarudi nyuma daftarini, hati baada ya hati, mpaka cheti cha umiliki chini ya sheria ya 1908, ile iliyowataka wenye ardhi wa pwani wajitokeze kudai, la sivyo iwe ya serikali ya kikoloni. Mwenyewe ni mama yake babu! Hati ya kadhi, kwa herufi za Kiarabu, ikakubaliana na mipaka: kibla (kaskazini) njia, matlai (mashariki) msikiti. Kilichobaki ni mirathi, katika Mahakama ya Kadhi.