Mstari wa Tatu

Daktari alichora tezi yangu nyuma ya karatasi iliyotumika. Kipepeo, alisema, amekaa mbele ya koo, na bawa lake la kushoto lina uvimbe ambao haukutakiwa kuwapo. Kisha akapitisha kalamu nyuma ya kipepeo, mstari mwembamba kila upande: mishipa ya fahamu inayoendesha nyuzi za sauti. Huo wa kushoto hushuka hadi kifuani, huzunguka chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ndipo hupanda tena kooni. Nikamfikiria mtu aliyetumwa nyumba ya jirani akaenda kupitia mji wa pili.

"Tutajitahidi tusiuguse," alisema, akanisogezea fomu ya ridhaa. Katika mambo yanayoweza kutokea, kupoteza sauti kuliandikwa katikati ya kuvuja damu na maambukizi ya kidonda, kwa herufi ndogo zilezile.

Nilikuwa nimeimba kwaya tangu nina miaka 11. Sauti ya kwanza. Nikasaini, na saini yenyewe ikatoka kama ya mtu mwingine.

Siku zilizofuata simu yangu ilijaa. "Usiogope, amini tu." Mmoja alinikumbusha kwamba neno "usiogope" limo katika Biblia mara nyingi sana. Niliwahi kujaribu kuzihesabu nikaishia njiani. Walinitakia mema, najua. Lakini kila ujumbe uliniongezea mzigo: uvimbe ulikuwa wangu tayari, na sasa nikawa na dhambi ya kuogopa juu yake. Mimi niliyesimama mbele ya majeneza ya watu nikiwaimbia wafiwa habari za tumaini! Nikawa najibu "Amina" na kuzima simu.

Usiku wa kuamkia upasuaji nililazwa wodini. Nisile wala nisinywe kitu baada ya saa 6 usiku. Kitanda cha jirani alikuwa bibi mmoja aliyevunjika nyonga, hawezi kugeuka bila kusaidiwa.

"Mwanangu, hujalala."

"Bado, bibi."

"Basi nisomee. Macho yangu yana mtoto wa jicho. Aliyekuwa kitanda hicho alinifikisha Zaburi ya 55."

Sikuthubutu kuuliza huyo aliyekuwa hapo yuko wapi. Nadhani aliuona ukimya wangu. "Kaenda nyumbani," akasema. "Kwa miguu yake."

Biblia yake ilikuwa imefungwa kwa mpira ili karatasi zisitoke. Nikafungua Zaburi ya 56 na, kwa mazoea ya kanisani, nikaruka maneno madogo ya juu. Bibi akanirudisha. Nikasoma: ni ya Daudi, Wafilisti walipomkamata huko Gathi.

"Gathi si ndiko kwao Goliathi?"

Ndiko. Na hapo bibi akanisimulia, kwa raha kabisa, kisa kilichomo katika Samweli wa Kwanza sura ya 21. Daudi anamkimbia Sauli, anakimbilia mji wa adui aliyemuua, tena akiwa na upanga wa marehemu huyohuyo. Watumishi wa mfalme Akishi wanamtambua. Daudi anaogopa sana, anajifanya mwehu, anakwaruza milango na kuachia mate yashuke ndevuni. "Shujaa wetu huyo," bibi akasema. "Mate ndevuni. Haya, soma."

Mstari wa tatu nilikuwa nikiujua tangu utotoni: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Wa nne nao naujua: "Nimemtumaini Mungu, sitaogopa." Miaka yote hiyo nilikuwa nimeushika wa nne peke yake, kama vile wa tatu ni ngazi tu ya kuupandia. Usiku ule, nikiwa na picha ya yale mate, niliuona wa tatu ulivyo. Hofu ipo, na tumaini lipo, siku ileile, katika sentensi ileile. Hakusema hofu itakapokwisha.

Nikaendelea mpaka mstari wa 11, na yale maneno yakatokea tena: nimemtumaini Mungu, sitaogopa.

"Kairudia," bibi akasema gizani. "Ya kwanza haikumkaa."

Nikacheka, mara ya kwanza kwa wiki nzima. Asiyeogopa ana haja gani ya kujiambia mara mbili? Baadaye niliomba, sala fupi sana kwa mtu wa kwaya: Bwana, naogopa, nakutumaini. Tumbo lilibaki limejifunga fundo. Usingizi ulikuja kwa vipande.

Asubuhi machela. Muuguzi aliniuliza jina langu mara mbili na upande unaopasuliwa mara mbili. Taa kubwa ya duara juu, baridi, mtu akanifunika barakoa akiniambia nivute pumzi. Nikaanza moyoni: siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe. Huo niliumaliza. Wa nne, nusu kaputi haikuniachia nafasi.

Nilipozinduka koo liliwaka, na karibu na bega nilikuwa nimebandikiwa mrija mwembamba unaoingia kwenye chupa ndogo yenye maji ya damu. Daktari akaniambia nitaje jina langu. Ilitoka sauti ya bawaba kavu. Mshipa ni mzima, alisema, ila umesumbuliwa, niupe muda. Majibu ya maabara yalikuja baadaye, yakawa mema. Sauti ilirudi pia, lakini haikurudi yote: leo naimba sauti ya pili, na siku nyingine bado namnung'unikia Mungu kwa hilo.

Jioni ileile bibi alisikia kitanda changu kikilia.

"Umerudi?"

"Nimerudi, bibi."

"Ya 57, basi. Sogea, sikusikii."

Nikajikokota hadi ukingoni, chupa ikining'inia. Mkono wake ulipapasa kutafuta Biblia, ukaikuta chupa.

"Hii nini?"

"Chupa, bibi."

Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kucheka huku ameshika nyonga kwa maumivu. "Si tulisoma jana? 'Uyatie machozi yangu katika chupa yako.'"

"Hii ni damu, bibi."

"Soma."

Safari hii sikuruka maneno ya juu. Nikamnong'oneza kwa ile sauti ya bawaba: Daudi katoka Gathi, sasa yuko pangoni, anamkimbia Sauli.

"Loo," bibi akasema. "Huyu naye hapumziki. Endelea."