Maneno Juu ya Picha ya Mto

Agosti 2018, mwaka mmoja tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya, kikundi cha kina mama wa Dandora kilichokuwa kikisafisha ukingo wa Mto Nairobi kiliniita nisaidie na slaidi za mkutano wa wafadhili. Picha walijipigia wenyewe kwa simu, na zilikuwa nzuri kweli: maji meusi, mbingu nyeupe, nyuso zenye jasho. Kijana wa kikundi alikuwa ameshaandika maneno juu yake kwa herufi nyeupe.

Tulizijaribu ukumbini alasiri, mapazia mepesi, jua likipenya kila upande. Mama Mwenyekiti akaenda kuketi nyuma kabisa.

“Mwanangu, hapo juu pameandikwa nini?”

Kichwa cha habari kilikuwa kimelalia mawingu, nyeupe juu ya nyeupe. Projekta haina weusi. Hurusha mwanga tu, na penye weusi huacha ukuta ulivyo. Ukuta ukishapigwa na jua, weusi wote hugeuka kijivu. Miongozo ya tovuti hudai maandishi ya kawaida yazidiane mwangaza na mandhari yake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1, makubwa 3 kwa 1, ila hicho ni kipimo cha skrini, si cha ukuta wa Dandora saa tisa.

Kijana akaitia giza picha nzima. Herufi zikatokea, nyuso zikazama.

“Hawa walifanya kazi mchana,” Mama akasema. “Msiwatie usiku.”

Alisema kweli, na mimi nililipenda sana neno lile. Tukaliondoa giza, tukateremsha maneno chini penye maji, kisha nikachora mstatili mweusi unaofifia kuelekea juu, ukaishia viunoni mwao. Ncha zote mbili za rangi ya mstatili huo lazima ziwe nyeusi, ya juu ikiwa na uwazi wa asilimia 100. Ukiweka nyeupe juu, picha hupata ukungu.

Picha ya lundo la chupa ilitushinda, haikuwa na pembe hata moja iliyotulia. Tukaipunguza upana, maneno yakapewa ukanda wake pembeni.

Mama akasoma kila slaidi kwa sauti kutoka kiti kile cha nyuma. Kwenye ile ya chupa akatuambia tufute mistari miwili ya mwisho, hiyo angeisema kwa kinywa chake.