Joka, Miti Inayosema na Mwana-kondoo wa Nathani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimesumbuliwa na andiko ambalo mimi mwenyewe nalipenda. Vijana wetu wameandika igizo la Pasaka. Lina joka, lina miti inayosema, na wanataka kulirekodi kwa simu liwe filamu fupi. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akasikiliza mpaka mwisho, akafungua 1 Timotheo 4:7, akasoma: "hadithi za kizee, zisizokuwa za dini, uzikatae." Akafunga Biblia, na kikao kikaishia hapo. Vijana wakanigeukia mimi mlezi wao, nami sikuwa na la kusema papo hapo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiliomba na kulisoma jambo hili, na leo naleta nilichopata.

Paulo anakemea hadithi zinazopachikwa mahali pa mafundisho, watu wakaziamini wakaiacha kweli. Hilo tunalipokea kwa mikono miwili. Lakini bibi akisema "Paukwa!" na wajukuu wakaitika "Pakawa!", nani amedanganywa pale? Wote wanajua kwamba sungura hasemi, na wote wanataka kusikia atasema nini. Paulo huyuhuyu, aliposimama Areopago kule Athene, alitumia mstari wa mashairi ya Wayunani wenyewe: "Maana sisi sote tu wazao wake." Ni maneno ya Arato, mshairi wa Kilikia, jimbo alikozaliwa Paulo, na mstari huo ulimhusu Zeu, mungu mkuu wa Wayunani. Paulo hakuona haya kulifahamu.

Kuhusu miti inayosema, fungueni Waamuzi 9. Abimeleki amewaua ndugu zake sabini juu ya jiwe moja. Yotamu, mdogo wao aliyejificha akapona, anapanda Mlima Gerizimu na kupaza sauti: miti ilitoka kwenda kujitafutia mfalme. Mzeituni ukakataa, mtini ukakataa, mzabibu ukakataa, mti wa miiba ndio ukakubali. Watu wa Shekemu, waliomtawaza Abimeleki, walielewa barabara, na Yotamu alilijua hilo, maana alipomaliza alikimbia. Joka nalo limo katika Ufunuo 12, jekundu, vichwa saba, pembe kumi. Vijana hawakulitoa kwenye katuni.

Ila lililonikamata wiki hii ni 2 Samweli 12.

Daudi amemchukua Bathsheba, amemuua Uria mumewe kwa upanga wa Waamoni, na mtoto ameshazaliwa. Yaani miezi imepita. Mfalme anakula, analala, anaamua kesi za watu. Amri anazijua zote, tena ametunga zaburi. Kama ni kukumbushwa "usizini, usiue", hakuna asilolijua. Sasa Mungu anamtuma nabii Nathani, na Nathani anaanza na watu wawili katika mji mmoja, tajiri na maskini.

Hebu tazameni anavyoisimulia. Tajiri anapewa maneno machache tu: kondoo na ng'ombe wengi sana, basi. Maskini anapewa muda. Ana mwana-kondoo mmoja, jike, mdogo, wa kununua. Amemlea nyumbani pamoja na watoto wake. Anakula tonge la mwenyewe, anakunywa katika kikombe chake, analala kifuani pake, ni kama binti yake. Nathani angeweza kusema "maskini alikuwa na kondoo" akaendelea. Lakini alijua anazungumza na nani. Mtu yule alikuwa mchungaji tangu utoto, alipigana na simba na dubu kwa ajili ya kondoo wa baba yake. Kikombe kile kilimwingia. Hasira ikamwaka, akaapa kwa jina la Bwana kwamba mtu huyo anastahili kufa, na alipe mara nne, kama Torati inavyosema katika Kutoka 22. Akajihukumu kwa kinywa chake, kwa kifungu sahihi cha sheria. Hapo ndipo akaambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo."

Wapendwa, moyo una mlango wa mbele na mlinzi wake. Mahubiri yakibisha hodi, mlinzi anatoka: "Hayo namfahamu anayeyahitaji." Mwana-kondoo alipita kwa sababu Daudi hakumwona kama mtu wa kuogopwa.

John Bunyan alilijua hili. Alikuwa fundi wa kuziba masufuria, akafungwa Bedford, Uingereza, mwaka 1660 kwa kuhubiri bila kibali, akakaa gerezani kama miaka 12. Kitabu chake kilichotoka 1678, ambacho kwa Kiswahili tunakijua kama Safari ya Msafiri, kina majitu, ngome na pepo mwenye magamba. Katika beti za mwanzo anasimulia kwamba aliwaonyesha marafiki maandiko yake, wengine wakamwambia achapishe, wengine wakakataa. Kumbe kikao chetu ni cha zamani. Akachapisha. Mimi nilipokuwa nimekata tamaa, lililonishika mkono halikuwa hubiri. Ni Mkristo, msafiri wa kitabu hicho, amelala katika shimo la lile jitu tangu Jumatano hadi Jumamosi, halafu anakumbuka kwamba ufunguo uitwao Ahadi umekuwa kifuani mwake siku zote. Nilijigusa kifua. Kweli.

Sasa niwageukie ninyi vijana, maana nimewatetea vya kutosha. Maigizo yetu, na filamu nyingi za Kikristo tunazotumiana kwenye simu, Nathani angezionea aibu. Shetani anapewa mwigizaji hodari kuliko wote, amepakwa masizi, ana kicheko chake, watoto wanajificha nyuma ya mama zao huku wakichungulia. Mganga ana tunguri, kitambaa chekundu na moshi. Mwenye dhambi ni binti wa wigi na sketi fupi, kila mwaka ni yeye. Zamu ya Mungu ikifika, mtu wa shuka jeupe anaomba dakika mbili, mganga anaanguka, kwaya inaimba. Nani aliyewahi kutoka pale akijua kwamba ndiye aliyeambiwa? Tunatoka tumemtambua jirani.

Niandikieni mweka hazina anayekula fedha za ujenzi, ambaye akiomba analia, na machozi ni ya kweli. Mwandikeni mpaka nimpende. Mpeni kikombe chake na tonge lake. Msiponipa sababu ya kumpenda nitamhukumu tu, na kuhukumu nilishaweza kabla sijaja.

Nanyi wazee wangu, kwa unyenyekevu: Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania, alijazwa Roho wa Mungu achonge na kutia vito, Kutoka 31. Vijana hawa wanajifunzia hadithi kwenye kibanda umiza na kwenye simu usiku, iwe tumeridhia au la. Fedha za spika mpya tunazipata. Saa moja ya kukaa chini na kusoma walichoandika, tukabishana nao mstari kwa mstari, tunaikosa. Mzee wangu wa 1 Timotheo nimeshamwomba aje mazoezini na Biblia yake, naye amekubali, kwa sharti kwamba joka lisiwe na mistari mingi. Nimeona ni sharti la haki.

Jumapili jioni someni 2 Samweli 12 kwa sauti, watoto wakiwepo. Mkifika mwisho wa mstari wa 4, simameni. Waulizeni tajiri yule afanywe nini. Waacheni waseme wote, na baba mwenye nyumba aseme pia. Kisha endeleeni na mstari wa 5.