Paswadi wameelewa, kusema ndiyo ngoma

Leo Ijumaa nimerudi nyumbani sauti imekauka kabisa, lakini nimeona nisilale kabla sijaandika hii.

Wiki ya tatu sasa nawachezesha watoto wangu wa P6 (darasa la sita) Interland, ile gemu ya Google ya usalama wa intaneti. Ipo tangu 2017, ni ya bure, unaifungua kwa brauza tu basi. Bure yenyewe lakini inataka bando, na bando letu hapa Uganda tangu Julai 2021 lina kodi ya asilimia 12 ndani yake, kwa hiyo nawasha hotspoti ya simu yangu huku jicho liko kwa MB. Kompyuta ni tano, moja haiwaki, watoto 43. Mmoja anashika mausi, tisa au kumi nyuma yake wanapiga kelele.

Na kelele ni za Kiswahili! Gemu ni ya Kiingereza na wanakisoma vizuri tu, ila hapa Busia mtoto mchezo ukimkolea hana habari na Kiingereza, ni "ruka, ruka, huyo anakuja!" Basi na mimi nikaamua maelezo yote niyatoe kwa lugha hiyo hiyo wanayopigia kelele.

Kuna sehemu ya mnara, unakimbia unaokota herufi za paswadi kabla mdukuzi hajakukamata. Hiyo waliipenda mno. Nikawauliza, nani anajua namba ya siri ya mobail mani ya mama yake? Mikono yote juu. Mmoja akaanza, "ya mama ni mwaka niliozaliwa," nikamkatisha haraka kabla darasa zima halijapiga hesabu, lakini wengine wameshaanza kucheka, "hata ya kwetu madamu, hata ya kwetu." Nikawatuma nyumbani na kazi moja, mama abadilishe namba, na asikwambie hiyo mpya.

Leo tulikuwa kwenye sehemu ya mto, humo humo kwenye gemu. Pale unavuka kwa kujibu maswali, na mengi ni ya imeili za uongo. Sasa hawa watoto imeili hawana, intaneti yao ni simu ya mama saa ya jioni akiwa anapika. Nikasimamisha mchezo nikaandika ubaoni meseji tunayoijua wote: "Nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishie." Kabla sijamaliza kuandika, kijana wa nyuma akasema hiyo ilikuja kwao. Alikuwa na simu yeye, akahurumia, akarudisha elfu hamsini. Zilikuwa za karo ya dada yake. Alichapwa, na simu hajaigusa tena.

Basi nikasema lile jambo ambalo nalisema kila wiki, ukiona kitu kinakutia wasiwasi mwambie mtu mzima unayemwamini. Darasa likanyamaza. Sio ule unyamavu wa kusikiliza. Halafu msichana mmoja, huyo huwa haongei, akasema taratibu, "Madamu, nikimwambia mama simu itafungiwa kabatini na fimbo itatoka."

Sikuwa na jibu. Niliandika 116 ubaoni, namba ya Sauti, ya kupiga bure mtoto akiwa na shida, wakainakili kwa daftari, kengele ikalia.

Njia nzima nimekuwa nikimuwaza mtoto wa dada yangu ninayeishi naye. Mwaka jana alikuja akaniambia kuna mtu hamjui anamwandikia WhatsApp, anamuomba picha akiwa na yunifomu. Alikuja mwenyewe, bila kuulizwa, ana miaka 12. Na mimi mwalimu mzima, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumnyang'anya simu na kumuuliza kwa ukali, namba yako ulimpa nani? Sikumuuliza kama anaogopa. Sikumwambia amefanya vizuri kuja. Tangu siku ile hajaniletea neno lolote la simu, na mimi nikajidanganya kwamba mambo yametulia.

Siku ya wazazi ni Ijumaa ijayo. Nimemuomba hedimasta nusu saa, na nataka wazazi ndio wakae kwenye zile kompyuta nne, watoto wao wasimame nyuma wawaelekeze. Mama akose swali mbele ya mtoto wake, mtoto amwambie "pole mama, jaribu tena." Nataka walisikie hilo neno wakiwa wao ndio waliokosea, maana nikiwahutubia tu watanipigia makofi kisha waende nyumbani na fimbo ni ile ile.

Jioni hii nilimuomba radhi yule mtoto wangu. Nilikaa kitandani kwake nikamwambia siku ile nilikosea mimi, yeye alifanya sawa. Aliangalia ukuta muda mrefu. Nikamuomba Ijumaa aje anisaidie kuwaelekeza wazazi, akasema sawa atakuja. Kama yule mtu bado anamwandikia hajasema, na leo sikumuuliza.