Daftari la Safari: Kampala hadi Jinja

Kutoka Kampala hadi Jinja ni mwendo wa kilomita 80 hivi, na abiria wengi huumaliza wakisinzia. Mimi hufungua daftari mara taksi inapotoka stendi, kwa maana sioni kwa nini msafiri ajaze kurasa akiwa ng'ambo, kisha anyamaze akiwa katika nchi yake.

Tulipopita Mukono nilimkumbuka Ham Mukasa, aliyekuja kuwa chifu mkubwa wa Kyaggwe, sehemu ya ufalme wa Buganda. Mwaka 1902 alifuatana na Apolo Kagwa, Katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda, kwenda Uingereza kwa sherehe za kutawazwa Mfalme Edward VII, naye akaiandika safari hiyo kwa Kiluganda. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1904, lakini ninachokiheshimu zaidi ni kwamba aliwaandikia kwanza watu wa kwao.

Namawojjolo wachuuzi waliizunguka taksi wakinyoosha madirishani kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, nami nikaandika bei ya kila kitu, kwani bei husahaulika upesi kuliko sura ya mtu. Yaliyofuata, yaani mashamba ya miwa ya Lugazi na kivuli cha msitu wa Mabira, niliyaandika kwa mistari michache tu, kwa sababu bibi mmoja Mnubi wa Bombo, aliyeketi karibu nami, alikuwa ameanza kuuliza.

"Unaandika nini, mwanangu?"

"Naandika njia hii, bibi."

"Basi andika na ya zamani." Akanieleza jinsi magari yote yalivyopita juu ya bwawa la Owen Falls, lililojengwa kwenye mto Nile hapo Jinja, kabla ya daraja jipya kufunguliwa mwaka 2018, na jinsi askari walivyokataza watu kupiga picha pale. Niliandika maneno yake kama alivyoyasema, nikaweka tarehe kando yake.

Jinja nilikodi mtumbwi hadi mahali Nile inapotoka Ziwa Victoria. Wasoga waliujua mto huu, wanaouita Kiyira, tangu zamani; John Speke, mvumbuzi Mwingereza, alifika hapa tarehe 28 Julai 1862, akayaita maporomoko yake Ripon. Leo hakuna maporomoko ya kuonyeshwa, kwa kuwa bwawa lile la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, liliinua maji yakayafunika. Hata hivyo twajua yalivyokuwa, kwa sababu Speke aliandika kwamba yalikuwa na kimo cha futi 12 hivi, kwamba samaki kwa maelfu walirukia maji yanayoanguka, na kwamba wavuvi wa Kisoga na wa Kiganda walisimama juu ya miamba wakivua kwa fimbo na ndoana. Kwangu mimi, samaki na wavuvi hao wana thamani kuliko kipimo chochote, na ni jambo la kusikitisha kwamba hakuandika jina la mvuvi hata mmoja.

Kwa hiyo nilimwuliza nahodha wangu jina lake, ukoo wake, aliyemfundisha kupiga kasia, samaki wanaopatikana siku hizi na mahali wanapouzwa. Alijibu kwa furaha, akanisahihisha mara kadhaa namna ya kuandika majina ya Kisoga, na tulipofika ufukweni akaomba nimsomee ukurasa mzima kabla hajapokea nauli.