Tony deBrum: mzee wa visiwani aliyewakalisha Wamarekani upande wake

Watu wakiongelea makubaliano ya tabianchi ya Paris ya 2015 utasikia Obama, Ban Ki-moon na yule waziri wa Ufaransa Laurent Fabius aliyegonga kile kinyundo cha kijani. Sawa, wanastahili. Ila mi ukiniuliza nani alicheza mpira wenyewe pale ntakwambia Tony deBrum, wakati huo waziri wa mambo ya nje wa Visiwa vya Marshall, nchi iliyokua na watu kama elfu hamsini hivi miaka ile huko katikati ya Pasifiki, ardhi yake kwa wastani iko kama mita mbili tu juu ya maji. Wengi hata jina hawajawahi kulisikia.

Stori yake inaanza mbali. Tarehe 1 Machi 1954 alikua na miaka 9, yuko na babu yake kisiwa cha Likiep wanavua kwa kimia alfajiri, mara mwanga mkali ajabu bila sauti yoyote, baadae ndo ngurumo ikafika na anga lote likawa jekundu, bahari nyekundu, nyavu nyekundu, mwenyewe alikua anasimulia ni kama mmefunikwa na bakuli la kioo alafu mtu akalimwagia damu juu. Wamarekani walikua wamelipua bomu la nyuklia la majaribio, Bravo, kule kisiwa cha Bikini, maili kama 200 kutoka pale, bomu lenye nguvu karibu mara elfu moja ya lile la Hiroshima. Na sio hilo tu, kati ya 1946 na 1958 walijaribu mabomu 67 kwenye visiwa vya watu.

Sa huyu mtoto akakua, akasoma Hawaii, akawa mmoja wa Wamarshall wa kwanza kabisa kupata digrii, akarudi nyumbani akaingia kwenye timu ya kudai uhuru toka kwa Wamarekani, yaani kazi yake ya kwanza ya maana ilikua kukaa meza moja na hao hao Wamarekani miaka na miaka wakibishana kifungu kwa kifungu, mpaka mkataba wa 1986 ambao uliwapa Wamarshall nchi yao na kuwaachia Wamarekani mambo ya ulinzi pamoja na kituo chao cha makombora pale Kwajalein. Mi naamini shule yake ilikua hapo. Ukishazoea kubishana na mtu ambaye huna cha kumtishia nacho, unajifunza kusubiri, unajua nani anachoka saa ngapi na nani ana shida gani nyumbani kwake.

Na asikudanganye mtu kwamba alikua mpole. Aprili 2014 nchi yake ilizishtaki nchi zote 9 zenye silaha za nyuklia kule The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na Marekani wakaifungulia kesi nyingine kwenye mahakama yao wenyewe ya kwao! Walishindwa, The Hague walisema Oktoba 2016 kwamba hawana mamlaka ya kuisikiliza. Ila hebu ona, umemshtaki mtu mwaka jana, mwaka unaofata unamwalika kwenye timu yako, na anakuja.

Maana hiyo ndo Paris ilivyokua. Miaka yote hii mikutano ya tabianchi ilikua inakwama pale pale, matajiri upande huu, nchi zinazoendelea pamoja na China na India upande ule, kila mtu anatunza msimamo. DeBrum akaanza miezi kabla kuwakusanya mawaziri kimya kimya, wa visiwa, wa Afrika, wa Ulaya, bila kutangaza chochote. Tarehe 8 Desemba ndo wakajitokeza hadharani, Umoja wa Ulaya na nchi 79 za Afrika, Karibiani na Pasifiki, na sisi Tanzania na jirani zetu Kenya tumo kwenye hiyo hesabu. Kesho yake Marekani ikajiunga, baadae Brazil. Tarehe 12 wakaingia ukumbini pamoja wakiwa na kipande cha ukili wa mnazi kifuani, deBrum mbele na Todd Stern, mjumbe wa Marekani, pembeni yake. Nyuzijoto 1.5, yaani kujitahidi joto la dunia lisipande zaidi ya hapo, ikaingia kwenye mkataba, kitu ambacho wakubwa walikua wanakiona ndoto ya watu wa visiwani.

Bei ililipwa lakini, tusiremberembe. Kwenye maamuzi yale yale waliandika kwamba kifungu cha hasara na madhara yanayoletwa na mabadiliko ya tabianchi hakimpi mtu msingi wa kudai fidia, na hiyo ilikua sharti la Wamarekani. Kuna wanaosema huo umoja wa deBrum wenyewe ulikua mtego wa kuibana China na India. Inawezekana. Mi naona bado alipata zaidi ya alichotoa, kisiwa kikizama hiyo fidia utaenda kuilia wapi.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba wakati anafanya yote haya alikua ameshaangushwa ubunge nyumbani kwenye uchaguzi wa Novemba, anajua kabisa kwamba Januari kazi hana. Na kwenye kikao cha kufunga nafasi ya kuongea akampa binti wa miaka 18, Selina Leem.

Alafu kuna hili la meli. Meli ya mizigo ikiingia Dar au Mombasa iangalie nyuma, chini ya jina lake, mara nyingi utakuta MAJURO. Ndo mji mkuu wao, wana moja ya sajili kubwa za meli duniani japo inaendeshwa na kampuni ya Kimarekani iliyoko Virginia. Hela hiyo wanaihitaji sana, lakini mwaka huo huo wa 2015 mzee alienda mwenyewe London kwenye IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya meli, kuwaambia meli nazo ziwekewe lengo la kupunguza hewa chafu. Wakamzungusha. Alifariki Agosti 2017, na Aprili 2018 ndo IMO wakakubali kupunguza angalau nusu ifikapo 2050, wakaja kuliongeza lengo 2023. Oktoba 2025 ilikua wapige kura kuhusu tozo ya hewa chafu kwa meli, ikaahirishwa mwaka mzima, na waliosukuma kwa nguvu iahirishwe ni Marekani.